Pointi za Bi Mashavu

1

Bi Mashavu alikufa mwezi wa Machi, akazikwa Muheza siku ya pili yake, na Alhamisi iliyofuata akapanda treni kwenda Korogwe kama kawaida.

Alipandishwa na Semeni. Semeni alikuwa amezifunga kadi kumi na mbili kwenye pindo la kanga, kiunoni, zimelaliana kama vipande vya kashata, na ya marehemu ilikuwa ya tatu kutoka juu. Mlango wa treni ya sumaku ukazisoma zote kwa mpigo mmoja, ukawakaribisha abiria kumi na wawili, na mwanamke mmoja mnene akaingia, akakaa kwenye kiti kimoja, akafungua karanga zake. Mlango ule ulifundishwa kuhesabu kadi. Kuhesabu watu ulikuwa bado haujafika darasa hilo.

Mambo yalianza zamani kidogo, Shirika la Nyayo lilipogawa kadi zake nchi nzima. Kadi moja ndiyo ilikuwa benki yako, tiketi yako na deni lako la dukani. Kila kilomita uliyosafiri ilikupa pointi, na kila ulichonunua pia, na wazee waliopita miaka sitini walisafiri bure lakini pointi walipewa vilevile, jambo ambalo aliyeliandika ofisini hakika hakuwa na bibi. Kadi ilitaka kitu kimoja tu: iwe mwilini, ipate joto la mtu. Ukiituma na mzigo inajua. Ila kiuno ni cha nani, hiyo haikujua.

Basi wanawake kumi na wawili wa Muheza, waliokuwa tayari wanacheza upatu wa fedha, wakaanza na upatu wa nyayo. Kila Alhamisi mmoja wao alibeba kadi za wote, akapanda treni ya saa nne inayosimama kidogo Mnyusi, kwa sababu Alhamisi njia ile ilitoa pointi mara mbili. Kumi na mmoja walibaki nyumbani wakipika, nao wakasafiri. Na pointi za manunuzi za kundi zima zilimiminwa kwenye kadi ya mwenye zamu mpaka afikishe laki tisa, yaani kiti kimoja cha kupanda Kituo cha angani na kurudi. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Bi Mashavu. Ya pili ya Bi Mwantumu wa Ngomeni, ambaye hakuwa na mtu huko juu, alitaka tu akaone mwenyewe kama dunia ni duara kweli au walimu walikuwa wanajifurahisha. Semeni ndiye kijumbe, msimamizi wa upatu, na kijumbe huchukua mwisho. Kwa hesabu ya mumewe, Mzee Mhina, mkewe angepaa akiwa na umri wa miaka mia na moja.

Mhina alikuwa karani wa mizani kabla ya kustaafu na hakuweza kuona kitu bila kukipima. Alimtazama mkewe anavyoandika kwenye daftari, Jumanne sabuni ya mche pointi mara tatu, Ijumaa mafuta ya taa hakuna kitu, mwisho wa mwezi unga kabla ya saa sita, akachukua kalamu naye. Akajumlisha saa za kupanga foleni, saa za treni, saa za kuandika, saa za kugombana na duka. Akagawanya. Akamwambia kwamba kila saa moja ya juhudi zake inamlipa nusu andazi.

Semeni akamuuliza la nazi au la kawaida.

La kawaida, akasema Mhina, na lililolala.

Kadi yake yeye Mhina ilikaa kwenye kopo la misumari tangu alipopewa. Aliwahi kununulia jembe, akapata pointi arobaini, akaona imetosha. Malalamiko yake makubwa yalikuwa kitanda. Chini yake kulikuwa na miche ya sabuni mia mbili na kumi, na kilikuwa kimeinuka hata akikaa miguu haigusi sakafu.

2

Kilichomfanya marehemu aendelee kusafiri hakikuwa tamaa, ingawa tamaa ilikuwapo, tusidanganyane.

Bi Mashavu alikuwa na mtoto mmoja, Hiza. Hiza alifanya kazi Kituoni, huko juu, mkaguzi wa reli. Alikaa na darubini akizitazama njia za treni kutoka mbinguni, akitafuta penye ufa au penye kupinda kwa joto, na nchi nzima haikuwa na mtu aliyeijua reli ya Mnyusi kama yeye, isipokuwa hakuwa ameikanyaga kwa miaka tisa. Huko mwili hauna uzito, na mifupa isiyobeba kitu hulainika. Baada ya mwaka wa pili daktari wao alimwambia akishuka hatasimama tena. Kwa hiyo mama ndiye apande. Ndiyo maana zamu ya kwanza walimpa yeye, bila kupiga kura.

Akafa akiwa na laki tano na nusu.

Siku ya msiba wanawake walikaa kwenye mkeka wakajiuliza watamwambiaje Hiza. Muheza kuna utaratibu wake. Mtu aliye mbali haambiwi kifo akiwa peke yake. Anaambiwa mama anaumwa, njoo. Akifika stendi anapokewa na watu wawili wenye mikono yenye nguvu, anasogezwa pole pole, akifika mlangoni akaona viatu vingi anajua mwenyewe, na wakati huo ameshashikwa. Sasa huyu hawezi kuja. Na huko juu kila mtu ana kijumba chake kama banda la kuku, anafunga mlango na kulala peke yake. Nani atamshika?

Wakakubaliana kwamba zamu ya Mashavu iendelee. Kiti kikipatikana kitapokewa na Semeni kwa jina lake, maana kiti cha zawadi mtu huweza kumpa mwingine, na Semeni atapanda, atamshika mtoto wa watu kwa mikono yake miwili, ndipo amwambie. Mpaka hapo, mama anaumwa kidogo.

Na aliyekuwa anaumwa kidogo alikuwa anajibu mwenyewe. Kila kadi ilikuwa na Kivuli chake. Kivuli kilijifunza kwa kukufuata: umekwenda wapi, umenunua nini, umesema nini nacho ukiwa umechoka na hakuna mwingine wa kusema naye. Baada ya miaka kilizungumza kwa sauti yako, kilipanga safari zako, kilijibu simu usipotaka kupokea. Na pointi zilipokaribia kufa, kwa kuwa pointi za Nyayo hufa zikimaliza miaka saba, Kivuli kilizitumia chenyewe kwa lile jambo mwenye kadi alilolitaka kuliko yote. Hayo yaliandikwa kwenye masharti. Masharti yalikuwa kurasa tisini na Semeni alisoma mpaka darasa la saba.

Mwaka ukapita na miezi miwili. Hiza alipiga, Kivuli kikaongea naye, mama akasema mgongo, mama akasema leo afadhali. Wanawake wakambeba kwa zamu. Hakuna aliyeona vibaya. Waliona vibaya siku ile tu Kivuli kilipomwambia Mwantumu, kwa sauti ileile ya Mashavu, kwamba kanga aliyovaa haimpendezi, na ilikuwa kweli.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, Semeni yuko dukani na miche yake sita ya sabuni, kadi ya marehemu ikatetema kiunoni. Akaitoa akaiweka sikioni.

Kivuli kilikuwa na furaha. Kilimwambia kwamba laki tisa zimetimia tangu jana, na kwa kuwa za mwaka wa kwanza zilikuwa zinakufa mwisho wa wiki, kimeshazitumia. Kimenunua kiti.

Semeni akashukuru Mungu palepale kwenye foleni, akauliza anapanda lini.

"Apande nani?" kikasema. "Mimi nilitaka nini siku zote, Semeni? Nilitaka mwanangu arudi nyumbani. Anashuka Jumamosi."

Semeni akaweka sabuni chini. Akauliza, na mifupa yake?

Kivuli kikasema Hiza ameshakubali. Ameambiwa na daktari tena, ametia sahihi. Amesema mama ameumwa mwaka mzima na sasa amemtumia kiti kwa pointi zake za uzeeni, basi hata akija kwa kutambaa atakuja.

Semeni alitoka dukani bila sabuni na bila kuandika kwenye daftari, na Mhina alipomwona anaingia mikono mitupu siku ya Jumanne alijua kuna jambo.

3

Jumatano baada ya adhuhuri walikutana kwa Semeni, wote kumi na mmoja, na Mhina akakaa mlangoni akijifanya anachonga mpini.

Semeni aliwaeleza. Mwantumu akauliza kama Hiza akiambiwa ukweli leo atakighairi kile kiti. Semeni akasema atakighairi, ashuke kwa nani. Na pointi zitarudi? Zitarudi kwenye kadi ya Mashavu zote. Mwantumu akaegemea ukuta akasema basi shida iko wapi, mpigie simu umwambie.

Shida ilikuwa simu. Kwenda juu kwa sauti walipewa ndugu tu, na laini ya Hiza ilipita kwenye kadi ya mama yake, kwenye Kivuli chenyewe, kinasikia neno kwa neno. Kivuli kikisikia kwamba mwenyewe amekufa, sheria yake ni moja: kinajifunga, kinafuta pointi, na kinataja kwa Shirika kila kadi iliyokuwa inatembea naye tangu siku ya kifo. Na kadi iliyotembea na maiti inafungwa. Kumi na moja. Kila moja ilikuwa na zaidi ya laki nne. Miaka saba ya Alhamisi.

Hapo ndipo kikao kilipoanza kuwa na sauti. Mmoja alisema pointi si uhai. Mwingine akamwambia ni rahisi kusema kwa aliyejiunga juzi. Mmoja alilia kidogo, akaulizwa analilia Mashavu au pointi, akasema vyote viwili, akaachwa.

Mwantumu alikuwa kimya, na Mwantumu akikaa kimya anapika. Mwisho akasema ipo njia. Kutuma maneno ya kuandika kwenda Kituoni mtu yeyote anaweza, maneno ishirini kwa pointi arobaini. Na katika nyumba hii kuna kadi moja ambayo haijawahi kusafiri na mtu, aliye hai wala aliyekufa, na Kivuli chake hakijawahi kuamshwa. Akamgeukia Mhina.

Mhina akaacha kuchonga. Akaenda kwenye kopo la misumari, akaipangusa kadi kwenye shati, akampa. Alisema tu kwamba anafurahi jembe lake limekuwa na maana.

Ilikuwa njia safi. Hiza ajue leo, asishuke, asivunjike. Kivuli kisijue. Pointi zirudi, kiti kije kinunuliwe kingine, na mwaka wa tatu Mwantumu aende akaione dunia. Hakuna aliyepoteza chochote. Semeni aliitafuta kasoro yake kwa kupiga hesabu na hakuiona, maana haikuwa kwenye hesabu.

Mmoja akasema aandikiwe asije tu, bila sababu. Wakamcheka. Mwambie mtu wa Muheza usije, uone kama hatakuja mbio.

Mwantumu aliandika akihesabu kwa vidole. Ilimchukua muda. Halafu akasoma kwa sauti, kwa sababu alikuwa anajivunia kwamba yametimia ishirini kamili.

"Hiza mwanangu, mama yako alifariki Machi ya mwaka jana, tumemzika vizuri, usije, mifupa yako, sisi tupo, tunakuombea, Mwantumu wa Ngomeni."

Semeni alikuwa anamtazama. Walikuwa marafiki miaka arobaini na kitu, wamegombana kwa nusu ya hiyo, na kulikuwa na mambo ambayo Mwantumu aliyasimulia kila msiba mpaka watu waliyajua kwa moyo. Siku alipokuwa anauza nyanya sokoni Hale, kijana, ana mimba. Simu ikaleta maandishi, kaka yako hayupo tena. Sinia likamwanguka.

"Shoga," Semeni akasema, "zile nyanya za Hale aliziokota nani?"

Mwantumu akatazama kadi iliyo mkononi. Mlangoni Mhina alikuwa amesimamisha kisu.

"Mimi mwenyewe," akasema Mwantumu. "Moja moja. Watu walidhani naokota kwa sababu ya hasara."

Akafuta maneno yake yote ishirini, kuanzia jina lake mwenyewe kurudi nyuma, akamrudishia Mhina kadi na pointi zake arobaini. Akamwambia Semeni apige hiyo simu kabla yeye hajapata akili.

4

Semeni aliiweka kadi ya Mashavu juu ya meza, sauti wazi. Kumi na moja nyingine zilibaki pindoni kwake. Wanawake walisogea.

Sauti ya Mashavu ikasema, "Leo umepiga mapema. Nikuitie mtoto?"

Semeni alikuwa amejiandaa kwa Hiza, hakuwa amejiandaa kwa huyu. "Niitie. Na unisamehe, shoga."

"Kwa lipi tena, Semeni?"

Mlio wa laini ukapanda juu, ukachukua muda wake, na Hiza akapokea kwa sauti ya mtu anayefunga mizigo.

"Shikamoo mama mdogo. Nimeshajipima, nina kilo kumi na mbili za mzigo, mwambie mama nimemletea—"

"Marahaba. Hiza, uko na nani hapo?"

Swali hilo ukilisikia popote pengine ni swali. Kwa watu wa Muheza si swali. Mtoto analisikia akiwa na miaka minne, akiwa amejificha nyuma ya mlango, mjomba anauliza kwenye simu, uko na nani hapo, na baada yake nyumba nzima inalia. Hiza alikuwa mbali na nyumbani miaka tisa lakini alizaliwa kwenye nyumba ile.

Wanawake walisikia tu mashine ya hewa ya huko juu ikivuma.

"Niko peke yangu," akasema mwisho.

"Nenda kamlete mtu. Nakungoja."

Hakuuliza kwa nini. Wakasikia kiganja kinasuguana na ukuta, kwa maana huko hawatembei, wanajisukuma. Mwantumu alikuwa ameshika pindo la kanga ya Semeni bila kujua. Dakika zikaenda, na zilikuwa zinalipiwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba hakuna aliyezihesabu.

Ikaja sauti nene ya mwanaume. Ikasema yeye ni Masanja, fundi wa kuchomelea, mtu wa Shinyanga, jirani wa Hiza mlango wa tatu. Ikasema amemshika mabegani. Akaeleza kwa adabu kwamba huko watu wakishikana huanza kuelea, kwa hiyo amejifunga mkanda ukutani kwanza, wasiwe na wasiwasi, haendi popote.

"Ahsante, baba," Semeni akasema. "Mshike vizuri."

Na akamwambia. Hakuzunguka. Alimwambia mwezi, siku, saa, nani alimwosha, nani alishuka kaburini, mvua ilinyesha kidogo. Alimwambia kwamba tangu hapo walimdanganya, na kwa nini. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayosomea daftari, kwa sababu angebadilisha kidogo tu asingemaliza.

Alipokwisha, sauti ya kwanza kusikika haikuwa ya Hiza. Ilikuwa ya Mashavu, kutoka kwenye kadi, taratibu.

"Pole mwanangu," ikasema.

Kisha ikanyamaza, na mahali pake ikaja sauti nyingine isiyo ya mtu, ya Shirika, ikisema kadi hii imefungwa, safari ya Jumamosi imefutwa, laini itakatika baada ya dakika tatu. Ikaanza kutaja majina. Ilitaja kumi na moja, moja baada ya jingine, vizuri kabisa, bila kukosea hata ubini. Kila jina lilipotajwa Semeni alisikia kadi moja inapoa kwenye ngozi ya tumbo lake. Ya Mwantumu ilikuwa ya nne. Mwantumu aliitikia, "Naam," kama yuko shuleni.

Huko juu Hiza alikuwa analia, na Masanja alikuwa anasema maneno ya Kisukuma ambayo hakuna aliyeyaelewa na kila mtu aliyaelewa.

Dakika moja ilipobaki Hiza akauliza kitu kisichotegemewa. Akauliza ile nukta ya Alhamisi ilikuwa nini.

Nukta gani?

Akasema ndugu wanaruhusiwa kuiona kadi ya ndugu yao inakotembea, kama nukta kwenye ramani, na inachonunua. Kila Alhamisi alikuwa anamwona mama anatoka Muheza, saa nne na dakika saba anasimama Mnyusi. Saa hiyo aligeuza darubini ya reli, ya kazi, akatazama. Asione kitu, maana stesheni ya Mnyusi ina paa. Lakini akampungia mkono. Mwaka mzima.

"Tulikuwa tunambeba," Semeni akasema. "Kwa zamu."

Kitu kama kicheko kikatoka katikati ya kilio.

"Ndiyo maana alikuwa anashuka kununua machungwa," akasema Hiza. "Nikawa najiuliza. Mama hali machungwa."

Wote wakamgeukia Bi Mwantumu, ambaye aliyala machungwa ya Mnyusi kila zamu yake kwa kadi ya kwanza iliyotoka mkononi. Laini ikakatika.

5

Siku tatu Semeni hakulifungua daftari. Siku ya nne Mhina alilifungua yeye, akavaa miwani, akakaa nalo muda mrefu. Semeni alimngoja aseme. Hata nusu andazi sasa haikuwapo, alijua hivyo bila kalamu.

Mhina akasema kwamba kwenye hesabu yake ya zamani alisahau kitu. Alipima saa za chini tu. Hakupima za juu, za mtu anayetazama paa la stesheni na kupunga mkono. Sasa hakujua aziweke upande gani wa mizani, na yeye ni karani, jambo la namna hiyo linamnyima usingizi.

Semeni akamwambia aziache nje ya mizani.

"Haziwezi kukaa nje, bibie," akasema Mhina. "Zina uzito."

Akaenda kwenye kopo la misumari. Aliandika mwenyewe, polepole, maneno ishirini ya kwenda juu, na hakumwonyesha mtu. Pointi arobaini zikaondoka.

Alhamisi asubuhi wakapanda treni ya saa tatu wote, wanawake kumi na mmoja na mzee mmoja. Kwa kuwa kadi za wanawake zilikuwa zimefungwa walilipa nauli kamili, fedha taslimu, kwenye dirisha ambalo mhudumu alilazimika kwenda kutafuta ufunguo wake. Ilikuwa ghali. Ilikuwa pia mara ya kwanza katika miaka saba kila mtu kukaa kwenye kiti chake, wakagundua kwamba viti ni vigumu na Mwantumu ana maneno mengi.

Mhina alikuwa amebeba kitu kikubwa cha duara kimefungwa kwa shuka. Walipofika Mnyusi aliwatoa chini ya paa, akawapeleka mpaka mwisho wa jukwaa penye jua, akafungua. Lilikuwa sinia la Semeni, lile la shughuli, linalotosha pilau ya watu wanane.

Akatazama saa yake. Saa nne na dakika tano. Akampa Mwantumu, kwa kuwa ndiye mwenye mikono mirefu na ndiye aliyekuwa apande. Mwantumu akasema lake la Hale lilikuwa dogo kuliko hili. Akalisimamisha kifuani akilielekeza juu, akalichezesha kidogo, na jua likagonga kwenye bati likarudi lilikotoka, mwanga mkali ambao mwenye stesheni aliuona kwenye dari yake akatoka nje kuuliza nani ameruhusu. Watu wazima kumi na wawili walikuwa wamesimama wanatazama mbingu tupu, wanapunga mikono.

Wakapunga mpaka treni ya saa nne ilipopiga honi. Kisha wakanunua machungwa, wakakaa kwenye benchi kungoja ya kurudi.

Kadi ya Mhina ikatetema mfukoni kwake. Aliishika kama mtu aliyeshika kinyonga, hakuwahi kuisikia ikifanya hivyo. Semeni akamchukulia, akasoma kwanza peke yake, midomo ikicheza. Akampa Mwantumu, na Mwantumu akawasomea.

"Nimewaona wote, Masanja pia amewaona, anawasalimu. Ila aliyeosha hilo sinia aiache kazi hiyo, upande mmoja una mafuta."

Wanawake wakamgeukia Semeni. Semeni akamenya chungwa, hakumtazama mtu, na Mhina, ambaye kila siku anaparamia kitanda chake kama anapanda darini, akaikunja shuka vizuri mara nne na hakusema lolote kuhusu miche mia mbili na kumi ya sabuni.